UZI: Anne Boleyn kwenye wasifu na riwaya – kipi kina ushahidi, kipi kimebuniwa, na namna ya kukagua

Kurasa_Mia (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mara humu mtu akimaliza riwaya au tamthilia ya Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry VIII wa Uingereza, yanazuka maswali yaleyale: alikuwa na vidole sita? Alimroga mfalme? Alilala na kaka yake? Majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti, basi tuyakusanye hapa.

Ninaomba mambo matatu kwa wanaoijua mada. Kwanza, msomaji mpya aanze na wasifu au riwaya? Pili, habari zinazorudiwarudiwa zimetoka kwa nani na mwaka gani? Tatu, anayetaka kumwandika Anne kwa Kiswahili achunge nini?

Kwa wageni wa mada: Anne alikuwa malkia kwa ndoa, taji akalivishwa tarehe 1 Juni 1533, akauawa tarehe 19 Mei 1536. Binti yake Elizabeth ndiye malkia mtawala wa 1558 hadi 1603. Kiswahili kinawaita wote wawili "malkia", kwa hiyo ukiandika ueleze ni yupi wa aina ipi.

---

TanbihiKwanza

Anza na wasifu. Sura ya mtu uliyoipata riwayani haibanduki kirahisi. Ukishamzoea Anne mwenye hila wa riwaya fulani, hata hati kavu ya hesabu utaisoma ukimwona yule yule.

Wasifu wa kuanzia ni wa Eric Ives, na utafute toleo la 2004, maana lile la 1986 alilipanua sana. Ni kitabu kizito, sura za siasa za kasri zinachosha, lakini usiziruke. Kuanguka kwa Anne hakueleweki bila kujua nani alikuwa anagombea nini mwezi wa Aprili 1536. Ives anaona ni mapinduzi ya kisiasa yaliyosukwa na Thomas Cromwell, waziri mkubwa wa mfalme.

Kisha soma wanaompinga. Retha Warnicke (1989) anaweka uzito wote kwenye mimba iliyoharibika Januari 1536. G. W. Bernard (2010) anasema huenda baadhi ya mashtaka yalikuwa na ukweli ndani yake. Ukiwasoma watatu hawa mfululizo utagundua kuwa wanatumia karatasi zilezile. Kinachowatenganisha ni shahidi gani kila mmoja anamwamini, na hilo ndilo somo lenyewe la mada hii.

Baada ya hapo riwaya haikudhuru. Zile mbili za Hilary Mantel zilizopata tuzo ya Booker (2009 na 2012) zisome ukijua kwamba Anne unamwona kupitia macho ya Cromwell tu, yaani kupitia kwa mtu aliyemwangusha. Hukumu zote kali juu yake humo ni za Cromwell wa riwayani. Wengi huzinukuu kama hukumu za historia.

Ile ya Philippa Gregory (2001) inasimuliwa na dada yake, Mary, na humo Mary ni mdogo wa Anne. Wanahistoria walio wengi wanamweka Mary kuwa dada mkubwa. Ushahidi mmojawapo ni barua ya 1597 ya mjukuu wa Mary, aliyekuwa anadai cheo cha Ormond. Dai lake lilisimama juu ya bibi yake kuwa mkubwa. Mtu hapeleki dai kama hilo wakati binti wa Anne mwenyewe ndiye anayekalia kiti cha enzi, kama ukoo mzima unajua ni uongo.

---

Mzee_wa_Nyaraka

Niongezee kuhusu mashahidi, kwa sababu bila kuwajua hawa utapigwa chenga na kila kitabu.

Eustace Chapuys, balozi wa Kaisari Charles V. Alifika Uingereza 1529 akaondoka 1545. Barua zake ndiyo chimbuko la karibu nusu ya visa vitamu unavyovisoma. Kumbuka mambo matatu: Catherine wa Aragon, mke wa kwanza, alikuwa mama mdogo wa Kaisari huyo; Chapuys aliandika kwa Kifaransa; na kwa miaka yote alikwepa kumtambua Anne kama malkia. Tarehe 18 Aprili 1536, kanisani Greenwich, ndipo alipomwinamia, ukiwa umebaki mwezi mmoja tu Anne afe. Kwa hiyo anaposimulia Anne kasema nini chumbani kwake, jiulize aliyemwambia ni nani. Mara nyingi anataja mwenyewe: "nimeambiwa", "bwana fulani kaniarifu". Waandishi wa riwaya huyafuta maneno hayo mawili.

William Kingston, mkuu wa Mnara wa London, ngome ambamo Anne alifungwa. Barua zake kwa Cromwell za Mei 1536 ndizo zinazotupa sauti ya Anne kwa ukaribu kuliko kitu chochote. Zilikuwa kwenye maktaba ya Cotton, na Oktoba 1731 nyumba iliyohifadhi maktaba hiyo, Ashburnham House, Westminster, ikaungua. Kingo za kurasa zikaliwa na moto. Ukizitazama leo, mstari unaanza vizuri, unafika kwenye jina la mtu, kisha unaingia kwenye weusi na haurudi. Bahati nzuri mwanahistoria John Strype alikuwa amezisoma kabla ya moto na kuchapisha sehemu zake. Wasifu wa maana hukuonyesha wapi maneno yanatoka kwenye karatasi iliyobaki na wapi yanatoka kwa Strype. Riwaya hujaza pengo, na hapo ni haki yake.

Lancelot de Carle, katibu kwenye ubalozi wa Ufaransa London. Aliandika shairi refu la Kifaransa juu ya kesi, lenye tarehe 2 Juni 1536. Ni la mapema mno, ndiyo thamani yake. Lakini ubalozi ulipata habari nyingi za kesi kutoka kwa serikali iliyomshtaki Anne, na Bernard analiegemea sana.

George Cavendish, mtumishi wa Kadinali Wolsey, aliandika maisha ya bwana wake miaka ya 1550. Kisa cha Anne na Henry Percy, kijana aliyetaka kumwoa, kuachanishwa kimetoka kwake. Ana uchungu wa bwana wake aliyeanguka, na ameandika baada ya miaka thelathini hivi.

Nicholas Sander. Huyu mwekeeni alama nyekundu. Nitamrudia mkitaka.

---

Asha_wa_Rafu

Mrudie mzee. Vidole sita ndiyo habari inayosambaa kuliko zote.

---

Mzee_wa_Nyaraka

Sander alikuwa padri Mkatoliki aliyekimbia utawala wa Elizabeth. Kitabu chake cha Kilatini kilichapishwa 1585, yeye akiwa ameshakufa. Anne alipouawa Sander alikuwa mtoto wa miaka kama sita. Yeye ndiye anayeleta kidole cha sita mkono wa kulia, jino lililochomoza na uvimbe chini ya kidevu, pamoja na madai mengine mabaya zaidi juu ya uzazi wa Anne. Lengo lake lilikuwa Elizabeth: ukimchafua mama, umemvua binti uhalali.

George Wyatt, mjukuu wa mshairi Thomas Wyatt, akaandika kumtetea Anne. Utetezi wake unasema kulikuwa na alama ndogo kama ukucha pembeni mwa kidole kimoja, na vidoti mwilini. Hapo ndipo waandishi wanaotaka kukaa katikati hupata mwanya wa kusema "hata watetezi walikiri". Lakini naye hakumwona Anne. Alikusanya kumbukumbu za familia na za wapambe wa zamani.

Sasa pima: Chapuys alimchukia kwa miaka saba na hakuacha aibu yoyote ipite. Kidole cha sita hakimo katika barua zake hata moja. Kanisa la Mtakatifu Petro ndani ya Mnara lilipokarabatiwa 1876, mifupa iliyodhaniwa kuwa ya Anne ilikaguliwa na daktari, na hakuandika kidole cha ziada. Utambulisho wa mifupa hiyo una mjadala, kwa hiyo hoja nzito inabaki ule ukimya wa Chapuys.

---

Mkalimani_Pwani

Naingia kwenye swali la tatu la mleta uzi, maana hapa Kiswahili kina mitego yake, na pia kina nguvu ambayo Kiingereza hakina.

*Talaka.* Henry hakuomba talaka. Aliomba ndoa itangazwe batili tangu mwanzo, kwamba haikuwahi kuwa ndoa kwa sababu Catherine alikuwa mjane wa kaka yake Arthur. Ukiandika "alitaka kumtaliki Catherine", msomaji wa Kiswahili anaelewa ndoa ilikuwapo na mume akaivunja, jambo ambalo angelifanya jioni moja. Hataelewa kwa nini kesi ilidumu miaka sita na kuwavuta Papa na Kaisari. Andika "kubatilisha ndoa". Neno hilohilo utalihitaji tarehe 17 Mei 1536, pale ndoa ya Anne nayo ilipobatilishwa siku mbili kabla ya kumuua. Na hapo mwandishi mwerevu ataona shimo: kama hakuwahi kuwa mke wa mfalme, uzinzi dhidi ya mfalme umetoka wapi?

*Suria.* Chapuys alimwita Anne kwa neno la Kifaransa ambalo kamusi nyingi zitakupa "suria". Usilitumie. Suria kwa watu wa pwani ana hadhi yake kisheria, na mtoto wake ni mtoto halali wa baba. Watoto wa Seyyid Said wa Zanzibar walizaliwa na masuria na wakarithi kiti. Sayyida Salme mwenyewe alikuwa binti wa suria. Chapuys alitaka kusema kinyume kabisa: kwamba Elizabeth ni mwana wa haramu. Neno lake ni "hawara", au "kimada". Ukikosea hapo umegeuza ugomvi wote chini juu.

*Uchawi.* Hati ya mashtaka haina shtaka la uchawi. Lililopo ni habari ya Chapuys, aliyoambiwa na watu, kwamba mfalme alisema alivutwa kwenye ndoa hii kwa ndumba. Kiswahili kina neno limbwata, na linakaa vizuri kwenye kinywa cha Henry mwenye kujitetea. Lakini liache kwenye kinywa chake. Msimulizi akilichukua kama ukweli, amebuni shtaka ambalo hata Cromwell hakulileta.

*Ukoo.* Hapa ndipo Kiswahili kinapofurahisha. Vitabu vya Kiingereza vinasema Duke wa Norfolk alikuwa "uncle" wa Anne, basi. Sisi tunajua papo hapo: Thomas Howard ni kaka wa mama yake, ni mjomba. Mjomba ndiye aliyeongoza mahakama tarehe 15 Mei na kutamka hukumu ya kuchomwa moto au kukatwa kichwa, kwa vile mfalme atakavyopenda. Andika "mjomba wake akasoma hukumu" na huna haja ya sentensi nyingine. Lady Rochford, mke wa kaka yake George, ni wifi yake. Catherine Howard, mke wa tano wa Henry, ni binti wa mjomba mwingine, Edmund. Na kati ya wanawake waliowekwa chumbani Mnarani wamchunguze, Kingston anamtaja Lady Boleyn. Wengi wanadhani ni mke wa Sir James, mdogo wa baba yake. Huyo kwetu ni mama mdogo, wala si shangazi. Wengine wanafikiri ni dada wa baba, na hapo ndiyo shangazi. Amua kabla hujaandika, maana "aunt" inakuficha, Kiswahili hakikufichi.

---

Kurasa_Mia

Hii ya suria na hawara imenifungua macho. Asante sana.

Na ile ya mtoto mwenye ulemavu na mfalme kuanguka na farasi? Filamu zote zinaunganisha hayo mawili.

---

TanbihiKwanza

Tuyatenganishe.

Mfalme alianguka tarehe 24 Januari 1536, Greenwich. Chapuys, aliyekuwa Uingereza, anaandika kwamba alianguka vibaya hadi watu wakaona ni ajabu hakufa, ila hakuumia. Saa mbili za kupoteza fahamu zinatoka kwenye barua ya Dkt. Ortiz, wakala wa Kaisari aliyekuwa Roma, ya mwezi Machi, naye kazipata habari zilizopita Ufaransa. Barua hiyo inasema hakuweza kusema kwa saa mbili. Ona safari ilivyo: Greenwich, Ufaransa, Roma, wiki sita. Juu ya mstari huo mmoja imejengwa hoja nzima kwamba ubongo ulidhurika na ndiyo maana akawa dhalimu. Mwandishi wa riwaya anaweza kuitumia, lakini wasifu unaoitaja bila kumtaja Ortiz unakudanganya kwa kunyamaza.

Mimba iliharibika tarehe 29 Januari, siku aliyozikwa Catherine kule Peterborough. Chapuys anasema ilionekana ni mtoto wa kiume, mimba isiyotimiza miezi mitatu na nusu. Wriothesley, mwandishi wa kumbukumbu za mambo ya London, anasema wiki 15. Wawili hawa wanakaribiana, na hakuna aliyetaja ulemavu wowote. "Pande la nyama lisilo na umbo" ni la Sander, 1585. Hoja ya Warnicke imesimama hapo, na ndiyo maana wengi hawakumfuata, ingawa utafiti wake mwingine ni wa kuheshimiwa.

Na nguo za njano. Catherine alikufa tarehe 7 Januari. Chapuys anasema Henry alivaa njano mwili mzima. Mwandishi wa historia wa enzi hizo, Edward Hall, anasema Anne alivaa njano. Baadaye ukazuka utetezi kwamba njano ilikuwa rangi ya msiba Hispania. Haikuwa. Msiba wa kifalme wa Hispania ulikuwa mweusi.

---

Hesabu_za_Tarehe

Niseme kuhusu tarehe, kwani hapa ndipo watu wanapotea zaidi hata wakiwa na hati mkononi.

Uingereza ya Tudor ilihesabu mwaka mpya kisheria kuanzia tarehe 25 Machi. Kwa hiyo hati ya Januari, Februari au siku za mwanzo za Machi 1533 inaweza kuandikwa 1532. Ukikuta Anne anafunga ndoa "Januari 1532", siyo kosa la mwandishi wa kale, ni kosa la aliyenakili bila kubadili. Kanuni: tarehe yoyote kati ya 1 Januari na 24 Machi, tazama kwanza mhariri amefuata mwaka upi.

Pili, ndoa yenyewe ina tarehe mbili. Askofu mkuu Cranmer, kwenye barua yake, anaiweka karibu na sikukuu ya Mtakatifu Paulo, yaani 25 Januari 1533. Hall anasema 14 Novemba 1532. Elizabeth alizaliwa tarehe 7 Septemba 1533. Hesabu miezi tisa kurudi nyuma na utaona kwa nini mtu aliyewapenda akina Tudor angeipenda ile ya Novemba.

Tatu, umri. Hatuna rekodi ya kuzaliwa kwa Anne. Mwanahistoria William Camden aliandika 1507. Lakini ipo barua ya Kifaransa Anne aliyomwandikia baba yake akiwa kwenye kasri la Margaret wa Austria, alikopelekwa 1513. Kama alizaliwa 1507, barua hiyo iliandikwa na mtoto wa miaka sita au saba, na binti wa miaka sita alipokewa kama mpambe. Hugh Paget alieleza hilo mwaka 1981, na wengi sasa wanakubali 1501 hivi. Kwa mwandishi wa riwaya tofauti hii ni kubwa mno: mwaka 1526, mfalme alipoanza kumtaka, Anne ni mwanamke wa miaka 25 aliyeishi Ufaransa karibu miaka saba, au ni msichana wa 19. Chagua moja na uishike hadi mwisho. Vipo vitabu vinavyompa 19 mwanzoni na 35 siku ya kufa.

Saa nazo. Wriothesley anasema siku ya kukamatwa Anne alifikishwa Mnarani saa tano za Kiingereza. Hiyo ni saa kumi na moja jioni kwetu. Tafsiri inayoacha "saa tano" inamfikisha mchana kabla ya adhuhuri, wakati Mei 2 alikuwa bado Greenwich anahojiwa.

---

Wakili_wa_Kale

Hati ya mashtaka imetajwa. Ni lazima isomwe kwa kalenda pembeni, kama alivyosema mwenzangu hapo juu.

Washtakiwa pamoja naye ni watano: Henry Norris, Francis Weston, William Brereton, mpiga muziki Mark Smeaton, na kaka yake George. Wanne wa kwanza walihukumiwa tarehe 12 Mei. Anne na George walihukumiwa tarehe 15, mbele ya malodi, baada ya mahakama nyingine kuwa imeshaamua kwamba wale wanne walizini na malkia. Utetezi gani unabaki hapo?

Hati inataja siku na mahali. Ives alizipanga zote na akakuta robo tatu ya tuhuma zenye tarehe zinaweza kukanushwa hata leo, kwa kuwa Anne au mwanamume husika alikuwa kwingine. Mfano ulio wazi ni wa Oktoba 1533, tuhuma kwamba alimvuta Norris huko Westminster. Anne alikuwa Greenwich, mwezi mmoja tu tangu ajifungue Elizabeth, bado kwenye siku za uzazi ambazo mwanamke wa kifalme hakutoka chumbani. Kila mwanamke anayesoma humu anajua maana ya siku arobaini. Waliotunga hati hawakuifikiria.

Walioandaa hati walijikinga kwa maneno kwamba makosa yalitendeka pia "siku nyingine kabla na baada". Kwa maneno hayo, kukanusha tarehe hakukumsaidia mshtakiwa.

Sasa shtaka lililomuua kwa hakika si zinaa. Uzinzi wa malkia kwa ridhaa haukuwa uhaini wazi kisheria. Uhaini ulikuwa kupanga kifo cha mfalme, na ushahidi wake ulitoka kinywani mwa Anne mwenyewe. Mnarani alisimulia, na Kingston akaandika, kwamba alikuwa amemwambia Norris kuwa anangojea viatu vya marehemu: mfalme akipatwa na jambo, Norris angetaka kumwoa yeye. Ni maneno ya hasira ya mara moja. Sheria ya uhaini ya 1534 iliyafanya maneno kuwa kosa la kifo. Riwaya nyingi zinaitupa hapa nafasi bora kabisa: zinatumia kurasa mia juu ya vitanda na mstari mmoja juu ya sentensi ile.

Kuhusu tuhuma ya zinaa ya maharimu, yaani Anne na kaka yake, na nafasi ya wifi yake humo: watu wanamtwisha Lady Rochford ushahidi wote. Kilichoandikwa 1536 ni kidogo. Chapuys anasema George alipewa karatasi mahakamani asiisome kwa sauti, akaisoma. Ilisema Anne alimwambia mke wa George kwamba mfalme hana nguvu za kiume. Hilo ndilo linalomhusu kwa jina. Mengine yalirundikwa juu yake baadaye, hasa baada ya yeye kuuawa pamoja na Catherine Howard mwaka 1542.

---

Asha_wa_Rafu

Wakuu mnaoandika, makosa gani ya mandhari yanawakera zaidi?

---

Mzee_wa_Nyaraka

Gogo. Anne hakulaza kichwa kwenye gogo. Gogo ni la shoka. Yeye aliuawa kwa upanga, na upanga wa mikono miwili unapiga mlalo, kwa hiyo aliyehukumiwa hupiga magoti akiwa wima, shingo ikiwa huru. Mnyongaji aliletwa kutoka Calais, iliyokuwa ya Uingereza wakati huo, na malipo yake yamo kwenye hesabu: pauni 23, shilingi 6 na peni 8. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi moja peni 12.

Shimo la gereza. Hakuwekwa shimoni. Alipofika alimuuliza Kingston kama anapelekwa shimoni, akajibiwa kwamba atakaa kwenye vyumba alivyolala kabla ya kuvikwa taji. Akapiga magoti, akalia, kisha akaangua kicheko. Kingston anasema alifanya hivyo mara nyingi siku zilizofuata. Mwandishi anayemtupa kwenye shimo lenye panya anajinyima jambo zito zaidi: vyumba vilevile, miaka mitatu baadaye.

Picha. Hakuna mchoro wa rangi wa Anne ambao wote wanakubali ulichorwa akiwa hai. Ile maarufu ya mkufu wa herufi B imechorwa miongo kadhaa baada yake. Kilichobaki cha uhakika ni medali ya madini ya risasi ya 1534 iliyoko British Museum. Ina herufi A.R. na kaulimbiu yake ya furaha, na pua imepondeka hadi uso umekuwa bapa. Ukitaka kueleza macho na nywele zake kwa undani, ujue unategemea maneno ya mabalozi, siyo picha.

---

Kurasa_Mia

Na mtu akikutana na nukuu kwenye wasifu akitaka kuikagua mwenyewe, afanyeje bila kwenda London?

---

TanbihiKwanza

Inawezekana kabisa kwa intaneti. Nenda kwenye tanbihi ya sentensi hiyo. Ukikuta herufi L.P. ikifuatiwa na namba ya Kirumi, hiyo ni mikusanyo ya barua na hati za utawala wa Henry VIII, iliyochapishwa kuanzia 1862. Juzuu ya X ndiyo ya Januari hadi Juni 1536, na ipo wazi kwenye tovuti ya British History Online. Namba inayofuata ni ya hati, siyo ya ukurasa. Hapo wengi hukwama.

Ukiipata, usishangilie haraka. Mikusanyo hiyo mingi ni muhtasari wa Kiingereza uliofanywa na wahariri wa karne ya 19. Barua ya kurasa nane inaweza kubaki aya tatu, na wahariri wa enzi hizo waliruka mambo waliyoona hayana adabu. Kwa Chapuys, linganisha na mkusanyo wa hati za Hispania, juzuu ya 5. Wakati mwingine tafsiri mbili za sentensi moja zinatofautiana kabisa. Ikitokea hivyo, tafuta wasifu unaoweka Kifaransa chenyewe.

Tafuta jina kwa tahajia zote: Boleyn, Bullen, Bolen, Bolleyn. Baada ya Septemba 1532 jaribu na "Pembroke", maana mfalme alimpa cheo hicho tarehe 1 mwezi huo, pamoja na ardhi za pauni elfu moja kwa mwaka.

Kama tanbihi inakupeleka kwenye wasifu mwingine, nao kwenye mwingine, na wa mwisho ni wa karne ya 19 usio na tanbihi, ichukulie nukuu hiyo kuwa ya riwaya.

---

Binti_Sadiki

Samahani kuingilia. Ile barua ya mwisho "kutoka kwa bibi aliye Mnarani", ya tarehe 6 Mei, je ni yake? Nimeona inasomwa kwenye mitandao kwa sauti ya kilio.

---

Mzee_wa_Nyaraka

Dada, nakala tuliyonayo haikuandikwa kwa mkono wa Anne, na mtindo wake umewafanya wanahistoria wengi waitilie shaka. Wengine wanaitetea kwamba ni nakala ya barua ya kweli. Kwa riwaya itumie ukipenda, kwa wasifu iwekwe na shaka yake.

Ukitaka maneno yaliyotoka mkononi mwake, yako Hever Castle, nyumbani kwao Kent. Ipo huko Sala za Saa, kitabu cha maombi cha kama 1450, na chini ya ukurasa mmoja kaandika kwa Kifaransa: wakati utafika. Kisha neno "mimi", kisha kachora tufe dogo la anga, lile la mapete yanayopishana, halafu jina lake. Hakuweka tarehe. Inaweza kuwa kabla ya mfalme, inaweza kuwa wakati wa kungoja ile kesi ya miaka sita.

Na kwa usiku wa mwisho, Binti Sadiki, huhitaji barua ya kubuni. Kingston ameandika vya kutosha. Alitarajia kufa tarehe 18. Padri wake msimamizi wa sadaka alikuwa naye tangu saa nane usiku. Alimwita Kingston aje asikie anapopokea sakramenti, akaapa kwamba hana hatia. Saa zikapita, hakuna aliyekuja kumchukua. Akamwambia Kingston anasikitika kusikia hatakufa kabla ya adhuhuri, kwani alidhani wakati huo angekuwa ameshapita maumivu. Kingston akamjibu hakutakuwa na maumivu, ni jambo jepesi. Anne akasema amesikia mnyongaji ni hodari sana, naye ana shingo ndogo. Akaizungushia mikono yake, akacheka. Wakamwacha hadi kesho yake asubuhi.

---

Mkalimani_Pwani

Kwenye "shingo ndogo" hapo, mtakaotafsiri msiiongezee "nyembamba" wala "laini". Kingston kaandika ndogo. Iacheni hivyo.